Maswali na majibu: Miadi ya kalenda ijihamishe yenyewe kwenye jedwali

Wiki hii nimekusanya maswali ya kuhamisha miadi kutoka Kalenda ya Google kwenda Google Sheets. Yamekuwa mengi, na karibu yote yanatoka shina moja: watu wanataka kalenda na jedwali vyote viwe daftari kuu. Haiwezekani. Kalenda ndiyo daftari kuu, jedwali ni nakala yake. Nachukulia kwamba unajua kufungua jedwali, kuingia menyu ya Viendelezi na kufungua Apps Script, sehemu ya kuandikia msimbo.

Mtaalamu, nafundisha tuisheni. Kila mwisho wa mwezi nanakili vipindi vyangu vyote kwa mkono ili niwatumie wazazi hesabu. Hakuna njia ya kujiendesha? (Mwalimu, Morogoro)

Ipo, mwalimu, na ni ya bure. Tengeneza karatasi uiite Nakala, mstari wa kwanza uandike vichwa vya safu A hadi E (jina, kuanza, kumaliza, mahali, maelezo), kisha kwenye Apps Script bandika skripti hii, yaani maagizo kwa kompyuta:

function hamisha() {
  const tangu = new Date(2025, 0, 1);
  const hadi = new Date(2026, 0, 1);
  const miadi = CalendarApp.getDefaultCalendar().getEvents(tangu, hadi);
  const mistari = miadi.map(m => [m.getTitle(), m.getStartTime(), m.getEndTime(), m.getLocation(), m.getDescription()]);
  const karatasi = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Nakala');
  karatasi.getRange('A2:E').clearContent();
  if (mistari.length) karatasi.getRange(2, 1, mistari.length, 5).setValues(mistari);
}

Badilisha mwaka uwe wako. Angalia hiyo 0: hapa Januari ni 0 na Desemba ni 11, na wengi wanaosema "mwezi wangu umerukwa" wamekwama hapo. Iendeshe mara moja kwa mkono utoe ruhusa, halafu bonyeza alama ya saa upande wa kushoto uipange ijiendeshe kila siku, tuseme kati ya saa tano na saa sita usiku. Dakika yenyewe Google wanachagua wao. Kompyuta yako hata ikiwa imezimwa, kazi inafanyika.

Na andika majina ya miadi kama mtu atakayeyasoma baadaye. Ukijaza kalenda maneno "kipindi", "kipindi", "kipindi", jedwali litakuletea hayo hayo, na mzazi hatakuelewa.

Skripti niliyoichukua mtandaoni inarudia miadi ile ile kila siku. (Msomaji, Nakuru)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Skripti hiyo inaongeza mistari chini kwa amri ya appendRow bila kufuta ya jana. Achana nayo, tumia ya hapo juu: inasoma kwanza, inafuta, inaandika yote kwa mkupuo. Kuandika mstari mmoja mmoja pia ni polepole, na skripti ikizidi dakika 6 inakatwa katikati. Jamani, msibandike msimbo msiousoma. Mnaupa ruhusa ya kuingia kwenye kalenda yenu nzima.

Haifanyi kazi. (Wasomaji kadhaa)

Nitumieni ujumbe wa kosa kama ulivyotokea, neno kwa neno, na namba ya mstari.

Nina saluni. Safu ya F naandika mwenyewe nani amelipa. Asubuhi nikifungua, malipo ya mteja mmoja yako kwa mwingine! (Dada, Arusha)

Pole dada. Wewe ndiwe sababu ya makala haya wiki hii. Mteja mpya akiingizwa kwenye kalenda saa 9:00, mistari yote ya baada yake inashuka hatua moja, lakini ulichoandika kwenye F kinabaki palepale. Malipo ya mteja mmoja yanamwangukia mwingine, na ukidai pesa kwa orodha hiyo utamdai aliyekwishalipa.

Kuna watakaokushauri uunganishe malipo kwa namba ya utambulisho inayotolewa na amri ya getId. Isikupoteze: miadi inayojirudia kila wiki hubeba namba moja yote, kwa hiyo mteja wako wa kila Jumamosi ataonekana amelipa mwaka mzima.

Andika malipo ndani ya kalenda. Mteja akilipa, fungua miadi yake kwenye simu, kwenye maelezo andika LIPWA 25000. Ikiwa ni miadi ya kujirudia, chagua kubadilisha tukio hilo moja tu. Halafu seli ya F2 weka:

=IFERROR(VALUE(REGEXEXTRACT(E2,"LIPWA (\d+)")),0)

uivute hadi chini. Fomula inasoma mstari wake wenyewe, hivyo miadi ikihama, malipo yanahama nayo. Ila usiweke koma: 25,000 itasomwa 25.

Naishi Maskati, wateja wangu wako Zanzibar. Saa zinapishana kwa saa moja.

Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Majira (saa za eneo) yanawekwa mahali patatu: kwenye kalenda, kwenye mipangilio ya jedwali, na kwenye mipangilio ya mradi wa Apps Script. Chagua mji mmoja, uweke huohuo kote.

Nyongeza kwa wote: kwenye kalenda andikeni 10:00, msiandike "saa 4" mkidhani kompyuta inajua saa zetu. Itawawekea miadi alfajiri au jioni.

Nikitoa muda wa kuanza kwenye wa kumaliza napata 0.0625.

Hiyo ni sehemu ya siku. Zidisha kwa 24 upate saa 1.5.

Semina ya Jumatatu hadi Jumatano inaonekana inaisha Alhamisi.

Miadi ya siku nzima huhesabiwa kuishia usiku wa manane unaoingia siku inayofuata. Toa siku moja.

Napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Daktari anataka jedwali liwe wazi kwa yeyote mwenye kiungo ili asihangaike na nywila. Nifanye? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usifanye. Kiungo kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp hakirudi. Na skripti inabeba kila kitu kilichoandikwa kwenye maelezo: jina, simu, jino gani, dawa gani. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa Tanzania. Kenya nao wana yao ya 2019. Andika namba ya faili badala ya jina, ondoa safu ya maelezo kwenye skripti, na toa ruhusa kwa barua pepe ya daktari peke yake. Mwonyeshe jibu hili.

Kijana aliyetutengenezea skripti ameacha kazi, na jedwali halijabadilika tangu aondoke.

Ratiba ya kujiendesha hufanya kazi kwa akaunti ya aliyeiweka. Akaunti yake imefungwa, nayo imesimama. Ingia kwa akaunti ya ofisi, hakikisha imeshirikishwa ile kalenda, kisha uipange ratiba upya. Kama miadi ilikuwa kwenye kalenda yake binafsi, CalendarApp.getDefaultCalendar itasoma kalenda yako wewe. Tumia getCalendarById na kitambulisho cha kalenda ya ofisi.