Maswali kwa Fundi wa Baiskeli: Titani Kwenye Njia za Mawe

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kwa sasa nafanya kazi Dubai. Mwisho wa juma huenda Hatta na rafiki yangu mwenye gari, tunaendesha zile njia za milimani, nyekundu (ngumu) na sehemu za nyeusi (ngumu zaidi). Baiskeli yangu ni ya alumini, shokapu mbele tu, na foki yake inayozama milimita 120 imeshachoka. Nataka fremu ya titani ila niendelee na mtindo huo huo, nyuma pakavu, yaani bila shokapu. Nimepata mbili. Moja ni ya mtumba, imetengenezwa kwa foki ya milimita 100, pembe ya kichwa (mlalo wa bomba la mbele linaloshika foki) digrii 69, tundu la nguzo ya kiti milimita 27.2, dirhamu 4,500. Nyingine ni mpya, digrii 65, foki ya 140, tundu la 31.6, dirhamu 9,000. Jumla ya pesa zangu ni dirhamu 14,000. Rafiki yangu anasema nichukue ya mtumba nitie foki ya 140, mambo yaishe. Nina urefu wa sentimita 178 na uzito wa kilo 86. Nifanyeje?
Msomaji, Dubai

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo rafiki endelea kupanda gari lake, lakini kwa fremu usimfuate.

Foki ndefu huinua mbele. Kwa hesabu ya haraka, kila milimita 20 unazoongeza hulaza pembe ya kichwa kama digrii moja, kwa hiyo ile 69 itashuka hadi 67 hivi, na hapo ndipo rafiki yako anaposhangilia, maana pembe iliyolala hutulia kwenye mteremko. Hajakwambia kwamba kiti nacho kitalala nyuma digrii mbili hizo hizo. Ukipanda mlima utakuwa umekalia gurudumu la nyuma, na la mbele litacheza kila ukikanyaga. Ekseli ya pedali nayo itapanda zaidi ya sentimita moja. Kisha kuna la hatari: foki ni wenzo, na kadiri wenzo unavyorefuka ndivyo unavyolivuta bomba la chini pale linapochomelewa na bomba la kichwa. Watengenezaji huandika kikomo cha urefu wa foki. Ukikivuka, dhamana inakufa, na ya mtumba mara nyingi ilishakufa siku ilipouzwa na mwenyewe wa kwanza.

Halafu hilo tundu la 27.2. Kwenye mteremko wa mawe unataka nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe, tena ishuke sana, milimita 150 au 170 kwa kimo chako. Nguzo za namna hiyo kwa kipenyo cha 27.2 zipo, ila ni chache na nyingi ni fupi. Kwa 30.9 au 31.6 unachagua upendavyo. Fremu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya zamani ya mbio za milimani, mtu anapanda kwa kasi na kuteremka akiomba Mungu. Ni fremu nzuri kwa kazi yake. Kazi yako ni nyingine.

Sasa hiyo ya pili. Digrii 65 unazoziona kwenye jedwali ni za baiskeli isiyo na mtu. Wewe ukikaa, foki inazama. Kwenye baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, pande zote mbili huzama pamoja na pembe hazibadiliki sana. Kwako wewe mbele huzama peke yake, nyuma hakuendi popote. Foki ya 140 ikizama asilimia 20 ni milimita 28, basi 65 imeshakuwa 66 na ushee kabla hujagusa jiwe. Ukifunga breki ya mbele kwenye ngazi ya mawe, inasimama zaidi. Ndiyo maana kwa baiskeli ya nyuma pakavu mimi huanza kutafuta digrii 65 au 64 na nusu, namba ambazo wengine huziona zimelala mno. Pembe ya kiti nayo husimama ukikaa, kwa hiyo ikiandikwa 75 au 76 inakutosha, usilazimishe 78.

Utaniuliza, na titani yenyewe je, si ndiyo inayolainisha safari? Hapa ndipo wauzaji wanapouza maneno. Ugumu wa titani kama madini ni karibu nusu ya ule wa chuma cha pua au kromoli (chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni), ni kweli. Lakini bomba likipanuliwa kidogo tu linakakamaa sana, kwa sababu ugumu wa bomba hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wake. Mtengenezaji wa fremu ya njia za mawe hutumia mabomba mapana kusudi, ili isijipinde ukiitupa kwenye kona. Ikishafika hapo, ulaini unaousikia mgongoni unatoka kwenye tairi la nyuma zaidi kuliko kwenye fremu. Kwa kilo 86 na mawe ya milima ya Hajar huko Hatta, funga nyuma tairi la inchi 2.4 au 2.5 lenye mbavu nene, lisilo na tyubu, na ndani yake ule mpira wa povu unaokinga rimu. Anza na upepo wa PSI 25, kisha upunguze kidogo kidogo. Kwa joto la huko dawa ya kuziba pancha hukauka upesi, ikague mara kwa mara, si ungoje mpaka usikie upepo unalia.

Mimi titani naipenda, tena sana, na sababu yangu ni moja: haishiki kutu. Wewe unakaa kando ya bahari ya chumvi, unatokwa jasho lita kwa lita. Hapa Mombasa nimefungua fremu za kromoli zilizolika ndani ya bomba la kiti huku rangi ya nje inang'aa kama ya dukani. Titani isiyopakwa rangi haina cha kumenyeka. Ikichubuka kwenye mawe unachukua lile dodoki la kijani la kusugulia masufuria, unasugua kwa kufuata mistari ya madini, alama imekwisha. Kama unanunua ili uiuze baada ya miaka miwili, chukua kromoli yenye vipimo hivyo hivyo kwa theluthi ya bei, na hutajua tofauti ukiwa unateremka. Kama unanunua ukae nayo, hapo titani inaanza kurudisha pesa.

Kwa hiyo jibu langu ni ya pili, kwa sharti moja la mfuko. Ukitoa 9,000 zinabaki 5,000. Foki nzuri ya 140 itakula kama 3,000, nguzo ya kushuka na matairi yamalize iliyobaki. Magurudumu, kranki, gia na breki vihamishe kutoka kwenye baiskeli yako ya sasa, ila kwanza pima kitovu cha nyuma: fremu nyingi za leo zinataka ekseli yenye unene wa milimita 12 na kitovu chenye upana wa 148. Kikiwa cha 142 au cha zamani zaidi, hesabu imevurugika, na hapo afadhali uende kwenye kromoli kuliko kutia foki rahisi kwenye fremu ghali. Hilo nimeliona mara nyingi, mtu ana fremu ya kuoneshea watu na foki inayogonga kama nyundo.

Kabla hujalipa, nenda uishike kwa mkono. Titani huchomelewa ndani ya gesi ya agoni (argon) inayozuia hewa isiguse mshono, nje ya bomba na ndani pia. Angalia mishono ya kichwani na kwenye ekseli ya pedali. Rangi ya fedha au ya manjano hafifu ya majani makavu ni salama. Bluu na zambarau ni dalili kwamba hewa ilipenya. Kijivu kisichong'aa au unga mweupe, rudisha. Lakini nje kunaweza kusafishwa, kwa hiyo omba tochi, chomeka mwanga kwenye bomba la kiti uchungulie nyuma ya mshono kwa ndani. Pitisha ukucha juu ya mawimbi ya mshono: yawe sawasawa, yanafuatana, bila shimo wala bonge.

Kisha chukua uzi wa kushonea. Ufunge pale gurudumu la nyuma linapokaa upande wa kulia, upeleke mbele uzunguke bomba la kichwa, urudi nao hadi upande wa kushoto uukaze. Sasa pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, nyuma imenyooka. Zikitofautiana milimita moja, poa. Zikizidi mbili, muulize muuzaji, na usikubali jibu la "itakaa yenyewe". Titani haikai yenyewe. Ukiikunja kidogo inarudi ilikokuwa, ndiyo tabia yake.

Mengine nayataja kwa kupita. Beringi za pedali ziwe za kukazwa kwa nyuzi, milimita 73, si za kupigwa kwa presi, maana zile zikianza kulia hazinyamazi. Hanga ya derela, kile kipande kinachoshika kibadilisha gia cha nyuma, iwe ya aina ya UDH, ile ya kufaa fremu za kampuni nyingi ambayo kampuni ya SRAM waliitoa mwaka 2019, kwa sababu ukiivunja Hatta utapata nyingine kwa urahisi. Tairi la 2.5 likikaa, pabaki walau milimita 6 kila upande. Na kranki zako zikiwa za urefu wa milimita 175, fikiria 170 au 165, mawe ya huko hayana adabu kwa pedali.

Kuhusu jina lililoandikwa ubavuni, usihangaike sana. Moots wapo Steamboat Springs, Colorado, tangu mwaka 1981 na bei zao zinajulikana. Familia ya Lynskey ilianzisha Litespeed mwaka 1986 huko Chattanooga, Tennessee, baadaye ikarudi na kampuni yenye jina lake. Nyingine nyingi nzuri huchomelewa Taiwan na China, na mji wa Baoji, jimbo la Shaanxi, unaishi kwa titani. Mshono ndio unaoununua.

SWALI: Fundi, nina fremu ya titani niliyoachiwa na mzungu aliyeondoka. Imepata ufa wa kama sentimita mbili chini ya bomba la kiti. Jirani yangu anachomelea mageti, anasema ni kazi ya dakika tano. Nimpe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usimpe, hata akikufanyia bure. Titani ikishapata moto mkali hunyonya oksijeni na naitrojeni ya hewani, na sehemu hiyo inakuwa kavu kama kigae. Mshono utaonekana umeshika, utaendesha wiki, kisha utakatika pembeni mwa pale alipochoma. Wanaoiweza wana mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa umeme ndani ya gesi), gesi ya agoni ya kutosha, na njia ya kuijaza gesi hiyo ndani ya bomba wakati wa kazi. Uliza kwa mafundi wanaochomelea chuma cha pua cha viwandani, mabomba ya maziwa au ya dawa, mmoja wao akikuuliza mwenyewe "ndani tutajazaje gesi?", huyo anaijua kazi. Mpaka umpate, fremu ikae ukutani. Ufa wa titani hauponi, unatembea.

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Naendesha msitu wa Karura. Nguzo ya kiti ya alumini imeganda ndani ya fremu yangu ya titani. Mume wangu anataka kuipasha moto kwa jiko la gesi. Nimemzuia kwa muda.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Njema, dada, na endelea kumzuia. Alumini hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya titani, kwa hiyo moto utaikaza nguzo humo ndani badala ya kuilegeza. Kinachotakiwa ni baridi. Toa bolti ya klipu inayobana nguzo, pindua baiskeli juu chini, mimina mafuta ya kupenyeza kupitia tundu la ekseli ya pedali, iache usiku kucha. Asubuhi funga barafu kwenye nguzo kwa kitambaa, ngoja ipoe hasa, kisha funga kiti kizee usichokipenda na uzungushe kulia na kushoto huku ukivuta. Usipige nyundo. Ikitoka, safisha ule unga mweupe, na kabla ya kurudisha paka ile grisi ya shaba ya kuzuia kuganda, si grisi ya kawaida. Itoe kila baada ya miezi michache uipake upya, hasa baada ya mvua za masika.