Preamplifaya ya valvu: anza na ulichonacho

Barua za safari hii karibu zote zauliza ni preamplifaya gani ya valvu (kikuzaji cha taa za kioo, kinachotangulia amplifaya) iliyo bora kwa santuri. Mimi kwanza huuliza: katriji yako (kichwa kinachobeba sindano) ni ipi, na amplifaya yako ni ipi?

Amplifaya yangu ya zamani ina tundu lililoandikwa Phono. Preamplifaya ya valvu naichomeka hapo? (Msomaji, Tudor)

La, ichomeke AUX, tundu lisilo na preamplifaya ndani. Nyuma ya tundu la Phono tayari mna preamplifaya. Ukipitisha mbili, sauti itakwaruza na besi itavimba, maana marekebisho ya RIAA yatafanywa mara mbili. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zimepandishwa, kwa kipimo hicho cha RIAA, kilichokubaliwa tangu 1954. Preamplifaya huvirudisha vyote mahali pake: kwenye hezi 20 hupandisha desibeli 20 hivi, kwenye hezi 20,000 hushusha karibu kiasi hicho hicho. Na kama Phono uliyo nayo yakuridhisha, pesa hizo nunulia sindano mpya.

Nina katriji ya MC (ya koili inayosogea) ya milivolti 0.4. Preamplifaya ninayoitaka hukuza desibeli 40. Itatosha? (Msomaji, Nyali)

Haitatosha. Desibeli 40 ni kuzidisha mara 100. Katriji ya MM (ya sumaku inayosogea) ya milivolti 5 itakupa nusu volti, na amplifaya itaridhika. Yako itatoa volti 0.04 tu, utafungua sauti mpaka mwisho na utakachosikia zaidi ni mchakacho wa valvu zenyewe. Unahitaji desibeli 60 hivi. Kwa valvu, njia ninayoipenda ni kutanguliza transfoma ndogo ya kupandishia, ya moja kwa kumi: milivolti 0.4 inakuwa 4, na kelele haiongezeki sana. Lakini angalia ukinzani. Preamplifaya ya kawaida ya MM ina omu 47,000. Kupitia transfoma hiyo ukinzani hugawanywa kwa mia (kumi mara kumi), na katriji itaona 470. Soma karatasi ya katriji yako kama inakubali. Kisha iweke transfoma hiyo mbali na ile ya umeme, kwani hudaka mvumo upesi mno.

Fundi, nimeunganisha preamplifaya ya valvu na amplifaya ya kisasa ya transista. Sauti tamu, lakini besi imekwenda wapi? (Msomaji, Bamburi)

Imebaki kwenye kapasita (kifaa kidogo cha kushika chaji) ya mwisho. Preamplifaya nyingi za valvu hutoa sauti kupitia kapasita inayozuia umeme wa DC (wa mkondo mmoja), na kapasita hiyo pamoja na ukinzani wa amplifaya ndivyo vinavyoamua besi ikatikie wapi. Chukua kapasita ya maikrofaradi 0.47. Amplifaya ikiwa na omu 47,000, besi huanza kupungua kwenye hezi 7, wala husikii. Ikiwa na omu 10,000, kama zilivyo nyingi za transista, hupungua kuanzia hezi 34, na hapo besi ya chini kabisa inaguswa. Juu ya hayo, ukinzani wa amplifaya uwe angalau mara kumi ya ule wa kutokea wa preamplifaya. Muulize muuzaji namba hizo mbili. Akikutumia picha ya valvu zikiwaka gizani badala ya namba, tafuta muuzaji mwingine. Vipo hata visanduku ambavyo kazi yote hufanywa na chipu, valvu imewekwa mlangoni kwa mapambo.

Naweza kutoa valvu ya 12AX7 nikatia ya 12AU7, sauti ilainike? (Msomaji, Likoni)

Miguu yafanana, kazi haifanani. Ya kwanza hukuza hadi mara 100, ya pili haifiki 20, na marekebisho ya RIAA yatapotoka. Kama ni kubadilisha, tia ECC83, ambayo ni 12AX7 hiyo hiyo kwa jina la Ulaya.

Nimeletewa moja kutoka Japani. Kuna la kuhofia? (Msomaji, Mji wa Kale)

Mawili. Ya kwao ni volti 100, yetu ni 240: bila transfoma ya kupunguzia itaungua. La pili ni hewa ya chumvi, ambayo hutia kutu kwenye miguu ya valvu, na mkwaruzo unaosikika upande mmoja mara nyingi ndiko unakoanzia. Kusafisha mwachie fundi. Ndani mna volti mia kadhaa, na kapasita huendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa.

Marehemu nyanya aliniachia santuri nzito za Siti binti Saad. Preamplifaya hizi zitazifaa? (Msomaji, Kisauni)

Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, kampuni ya HMV, wakati RIAA haijakuwako. Santuri hizo za mizunguko 78 zahitaji sindano pana, ya mikroni 75 hivi, na preamplifaya inayokuruhusu kubadilisha marekebisho kwa swichi. Yenye RIAA peke yake itazipiga, ila sauti haitakuwa sawa. Sindano ya kawaida usiitumie: itasugua chini ya mfereji, nawe utasikia vumbi tu.