Paroko wetu amehamishwa. Tunaweza kukataa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Paroko wetu wa miaka tisa amehamishwa, Jumapili ijayo anakabidhi ofisi. Ndiye aliyetuanzishia ujenzi wa kanisa, kenchi zimepandishwa juzi tu. Baadhi ya wazee wanataka tufunge geti paroko mpya asiingie, na jumuiya yetu imekubaliana kushikilia zaka mpaka Baba Askofu abadili barua. Wengine watamfuata huko aendako. Je, tunatenda dhambi?

JIBU: Milele na milele, amina. Kumlilia paroko si dhambi. Kufunga geti ni habari nyingine.

Kanuni ya 523 ya Sheria za Kanisa inasema anayemteua paroko ni Askofu wa jimbo, hapigiwi kura. Ila sheria hiyohiyo haimruhusu Askofu kuwasogeza mapadre kama kete za bao. Kanuni ya 522 inataka paroko atulie mahali pake, na ya 1748 inamtaka Askofu anayekusudia kumhamisha amweleze kwa maandishi na kumsihi akubali kwa ajili ya upendo wa Mungu na wa roho za watu. Padre asipokubali, anaandika sababu zake, na Askofu akishikilia nia yake lazima kwanza azipime pamoja na maparoko wawili. (Kama ni mtawa, mkuu wake wa shirika naye anaweza kumwondoa.) Sasa, paroko wenu mwenyewe amesemaje? Kama amekubali, geti hilo mnamfungia nani?

Nanyi walei mna haki ya kusema. Kanuni ya 212 inaiita hata wajibu wakati mwingine, mradi heshima iwepo. Andikeni barua: ujenzi umefikia wapi, fundi anadai kiasi gani, mnaomba nini. Ombeni miadi. Baba Askofu akishawasikiliza na kusema hapana, imekwisha.

Zaka msiiguse. Hamkuwa mkimpa yule padre, na atakayelala njaa mwezi huu ni katekista wenu.

Wakorintho nao walikuwa hivyo, huyu "mimi ni wa Paulo," yule "mimi ni wa Apolo." Na si mambo ya kale tu. Mwaka 2012 Peter Okpaleke aliteuliwa kuwa askofu wa Ahiara, Nigeria. Mapadre na waamini wengi wakamkataa kwa kuwa si mwenyeji. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliwapa mapadre wa jimbo siku 30, kila mmoja aandike barua ya kuahidi utii. Hata hivyo Okpaleke alijiuzulu mwaka 2018 bila kuliongoza jimbo lile. Mwaka 2022 akafanywa kardinali. Ahiara walishinda nini, sijui.

Kuhusu kumfuata: Misa ya Jumapili unaweza kusali kanisa lolote la Kikatoliki. Mimi nilipohamishwa, akina mama wa parokia ya zamani walinifuata Jumapili tatu mfululizo na Noah ya kukodi. Nikawapa chai, nikafurahi, tusidanganyane. Jumapili ya nne niliwaomba wasije tena. Kila nilipowaona pale mbele nilimwonea aibu mwenzangu aliyenirithi, anayehubiria mabenchi matupu.

Siku ya makabidhiano, daftari la michango ya ujenzi liwe mezani, na maparoko wote wawili waweke saini humo mbele yenu.