Mafundo Kwanza, Mawe Baadaye

Dada mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo dada, nataka kuanza kutengeneza bangili na vidani vya mafundo kama vyako. Ninunue mawe gani?" Mdogo wangu, marahaba. Usinunue jiwe lolote. Nunua uzi.

Mimi ni mtu wa Tanga, mkoa wa mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipouleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imefika hai. Kamba nimezizoea tangu utotoni. Ila mkonge ukiuvaa mkononi unawasha, kwa hiyo natumia uzi wa poliesta uliopakwa nta. Unashika fundo vizuri, na ncha yake ukiigusisha kiberiti cha gesi inayeyuka na kujifunga. Wa pamba hauyeyuki, unaungua tu.

Bangili iliyonipa jina niliipata Amani, milima ya Usambara. Kwenye mwamba wenye kivuli kando ya kijito niliona maua madogo ya zambarau, katikati manjano. Ni yale yale ambayo ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao Ujerumani, na leo yanapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Sikuchuma hata moja. Nilikaa nikatazama jinsi zambarau inavyokolea na kufifia kwenye petali moja. Nyumbani nikatafuta nyuzi za zambarau za aina tatu na shanga moja ya manjano. Bangili ile wateja wanaiulizia mpaka leo, na najivunia.

Ulichokiona safarini kiingie kwenye rangi na umbo. Kubandika simbi kwenye kamba ukasema "hii ni bahari" haitoshi. Na jamani, msitoboe zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, mturituri. Zinapendeza, lakini ndani zina sumu kali, na bangili huishia mdomoni mwa mtoto.

Sasa fundo. Jifunze fundo bapa mpaka vidole vilifunge bila macho. Nyuzi mbili za kati zinatulia, mbili za pembeni ndizo zinazofanya kazi. Wa kushoto upite juu ya zile za kati na chini ya wa kulia; wa kulia upite nyuma yao na kutokea kwenye kitanzi cha kushoto. Kaza. Kisha anza na uzi wa kulia. Ukirudia upande mmoja tu, bangili itajipinda kama ngazi ya mnara. Inapendeza ukiwa umeikusudia. Kila uzi wa pembeni uwe angalau mara nne ya urefu wa bangili. Kaza kwa nguvu ile ile, fundo la kwanza hadi la mwisho. Rudia, rudia tena. Vijana wengi wanakimbilia kuuza kabla mkono haujatulia, na mteja anaona.

Duka moja la zawadi huko Unguja lilichukua bangili zangu za Amani kwa mali kauli, yaani wachukue kwanza, walipe baadaye. Kila nikipiga simu, kesho. Msimu uliofuata nikakuta wanauza za kuiga: zambarau ile ile, shanga ya plastiki, mafundo yamelegea. Rangi waliiga, mkono hawakuuweza. Bado inaniuma. Kwa hiyo, mwenye duka akikuomba mali kauli, andikeni: idadi, bei, tarehe ya kulipa, sahihi zenu wawili. Akikataa kusaini, funga begi lako uondoke.