Binti yangu anashinda akichora

SWALI: Mhariri, binti yangu wa kidato cha pili amejichora akiwa nahodha wa meli bandarini, lakini baba yake anasema huko ni kupoteza muda. Nifanyeje? Mama, Temeke.

JIBU: Mama, itazameni picha hiyo pamoja na baba yake, kisha mwombeni binti awaeleze kwa nini amejivika kofia ya unahodha, kwa kuwa msichana mara nyingi huchora jambo ambalo bado hajathubutu kulitamka. Sanaa yenyewe si ya wavulana tu: Lubaina Himid, msanii wa kike aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, alishinda tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza mwaka 2017. Mpelekeni Oysterbay kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, na jioni kaka yake naye aoshe vyombo, ili dada apate muda wa kuchora.