Kwenda kwa wakwe Lucban: anza na salamu

Dada, hongera. Umesema wakwe zako ni wakulima wa Lucban, mkoa wa Quezon huko Ufilipino, na unauliza ujue nini kabla ya kwenda Mei.

Kwanza salamu. Chukua mkono wa mama mkwe, inama, gusisha mgongo wa kiganja chake kwenye paji la uso wako, useme "mano po". Ndiyo shikamoo yao. Nakusihi usiisahau.

Fikeni kabla ya tarehe 15, sikukuu ya Pahiyas, ya kushukuru mavuno na kumuenzi Mtakatifu Isidro, msimamizi wa wakulima. Nyumba hupambwa kwa mboga, mashuke ya mpunga na kiping. Omba kukaa jikoni uone kiping ikitengenezwa: rojo la unga wa mchele lenye rangi hupakwa juu ya jani, hupikwa kwa mvuke, kisha utando hubanduliwa taratibu ukiwa na alama za mishipa yote ya jani. Uinue juani uone unavyopitisha mwanga!

Baba mkwe muulize habari za Apolinario de la Cruz, aliyejulikana kama Hermano Pule, aliyezaliwa hapo 1815. Alikataliwa utawa kwa kuwa mzawa, si Mhispania, akaanzisha udugu wake wa kidini 1832. Wahispania, waliotawala Ufilipino wakati huo, wakamuua 1841.

Meya huchaguliwa kila miaka 3, lakini ukihitaji cheti cha ukaazi nenda barangay, kama serikali ya mtaa kwetu.