Kuhusu Dawa Yako na Usingizi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini tangu uanze kumeza fluoksetini, dawa ya sonona, unaamka saa tisa usiku ukitokea kwenye ndoto nzito, ilhali mwenzako mnayeishi naye hapo Nyegezi, anayetumia amitriptilini, analala fofofo. Na umeuliza kama dawa hii inauharibu ubongo wako. Hilo la mwisho nalijibu kwanza: haiuharibu. Inachofanya ni kubadili mpangilio wa usiku wako, na mabadiliko hayo huanza mapema kuliko nafuu yenyewe.

Seli zinazotengeneza serotonini ya ubongo, kemikali inayopeleka ishara kati ya seli, ni chache na zimejikusanya kwenye shina la ubongo, lakini nyuzi zake hufika karibu kila mahali. Ukiwa macho, seli hizo hutoa ishara mfululizo. Ukilala hupunguza kasi. Na unapoingia katika usingizi wa ndoto karibu zote hunyamaza. Fluoksetini huzuia serotonini isirudishwe ndani ya seli iliyoitoa, hivyo hubaki nyingi hata katika saa ambazo ilipaswa kupungua. Kwa sababu hiyo usingizi wa ndoto, ambao kwa mtu mzima mwenye afya huanza takriban dakika 90 baada ya kusinzia, huchelewa na kuwa mfupi.

Utaniuliza: kama ndoto zinapunguzwa, mbona zako ni kali? Dawa za kundi hili pia humfanya mtu aamke mara kwa mara, na anayeamka katikati ya ndoto huikumbuka zaidi, wakati anayelala moja kwa moja huisahau. Hata hivyo, kuamka alfajiri kabla ya wakati ni dalili ya sonona yenyewe, kwa hiyo usiitwishe dawa lawama yote.

Nilipokuwa muuguzi niliwahi kusimama kando ya mgonjwa akipimwa mawimbi ya ubongo, waya zikiwa zimebandikwa kichwani kwa dawa nzito inayong'ang'ania nywele, na karatasi ikitoka taratibu huku mistari midogo ya haraka ikipanuka kadiri alivyosinzia. Usingizi mzito huonekana kwa mawimbi mapana, yasiyozidi manne kwa sekunde. Usingizi wa ndoto, ambao Aserinsky na Kleitman waliueleza huko Chicago mwaka 1953, una mawimbi madogo ya haraka yanayofanana na ya mtu aliye macho, mboni zikichezacheza chini ya kope huku misuli ya mwili ikilegea. Kwa baadhi ya wanaotumia fluoksetini, macho huchezacheza hata nje ya usingizi wa ndoto, na msomaji wa kipimo asiyeambiwa kuhusu dawa anaweza kukosea; ukipimwa siku moja, watajie vidonge vyako.

Sasa kuhusu mwenzako. Serotonini ni moja, lakini vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, vimegawanyika katika familia 7. Ni kama honi ya meli ya Bukoba: ikilia bandarini, abiria hukimbilia ngazi, mpagazi huinua mzigo, na mama lishe hudai hela yake. Sauti ni ile ile. Vipokezi vya 5-HT1A (5-HT ni jina jingine la serotonini) vikichochewa hukandamiza usingizi wa ndoto. Vile vya 5-HT2 vikizuiwa, usingizi mzito huongezeka, na mitazapini, dawa nyingine ya sonona, hutumia njia hiyo. Fluoksetini haichagui, kwani huacha serotonini ivifikie vyote. Amitriptilini nayo huzuia pia histamini, kemikali inayotuweka macho, na hapo ndipo usingizi mwingi wa mwenzako unapotoka, pamoja na kichwa kuwa kizito asubuhi; mdomo kukauka hutokana na kuzuia kemikali nyingine, asetilikolini. Usimwombe kidonge hata kimoja: dawa hizi mbili zikichanganywa bila daktari, amitriptilini huweza kupanda mno katika damu na kuusumbua moyo.

Wapo waliodhani kwamba kupunguza usingizi wa ndoto ndiko kunakoponya. Mimi sishawishiki, kwa sababu bupropioni hutibu sonona bila kuupunguza.

Meza kidonge asubuhi baada ya uji, si usiku, na umweleze daktari saa unazoamka. Nafuu ya moyo huchukua wiki kadhaa, kwa kuwa seli za serotonini hujizuia mwanzoni na huzoea taratibu. Katika wiki hizo za mwanzo, ukianza kuhangaika kupita kiasi au kupata wazo la kujidhuru, nenda hospitali siku hiyo hiyo na unipigie, hata kama ni saa tisa usiku. Wala usiache dawa kwa ghafla kwa sababu ya ndoto: usingizi wa ndoto uliozuiwa kwa muda hurudi kwa wingi dawa ikikatwa, na jinamizi huzidi. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usumbufu huo unaweza kukujia baada ya kusahau kwamba uliiacha.

Mama yako